Kibarua cha Kufuta Tarehe

 

Kuna kazi ya usiku ambayo kijana wa Mbeya au Iringa anaweza kuipata bila barua ya maombi wala cheti cha kidato cha nne. Mwenye mzigo anakuita stoo maduka yakishafungwa. Ndani kuna katoni za maharage ya kopo, samaki wa kopo, nyanya ya kopo na maziwa ya unga. Kila kopo lina tarehe yake kitakoni, na tarehe zenyewe zimeshapita. Unapewa kitambaa, chupa ya thina na karatasi za stika. Unafuta, unabandika, unapanga upya. Alfajiri unalipwa kwa katoni, na hela yake inaizidi ya kubeba zege. Nimekuwa bwana afya katika mikoa hii miwili mpaka nikastaafu, na katika yote niliyoyaona kwenye stoo na maduka, hiyo ndiyo kazi ninayowakataza kwanza, hata kabla ya kuendesha bodaboda usiku bila taa.

Sitawahubiria dhambi. Hiyo ina wahubiri wake, na Jumapili haiko mbali. Ninachotaka mkijue ni mkono wa nani unaokamatwa.

Wakaguzi wakiingia stoo, mwenye mzigo huwa hayupo. Ameenda Dar, au yuko msibani, au simu yake haipatikani. Uliyepo ni wewe, na wino uko vidoleni. Sheria ya chakula haimfuati aliyetoa mtaji peke yake. Inamgusa anayetengeneza, anayefungasha, anayehifadhi, anayesafirisha na anayeuza. Ukisema "nilitumwa tu", umeshakiri kwamba ulifanya. Nimeona vijana wakipandishwa gari la polisi kwa mzigo ambao faida yake hawakuwahi kuigusa, na baada ya hapo mwenye mzigo akafungua duka jingine kwa jina la shemeji yake. Kijana aliyetoka rumande hana shemeji wa kumwazima jina.

Wala msidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Mwaka 2008 kule China watu walitia melamini kwenye maziwa, kemikali inayotumika kutengenezea plastiki, ili maziwa yaliyoongezwa maji yakipimwa yaonekane yana protini ya kutosha. Maziwa hayo yakaenda kwenye makopo ya watoto wachanga. Watoto 6 walikufa, na wapatao 300,000 waliugua, wengi kwa mawe ya figo. Nchi nyingi zilizuia maziwa kutoka China, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Novemba 2009 serikali ya China iliwaua watu wawili kwa hukumu ya mahakama: Zhang Yujun, aliyekuwa akitengeneza poda yenye melamini, na Geng Jinping, aliyekuwa akiendesha kituo cha kukusanyia maziwa. Tian Wenhua, mwenyekiti wa kampuni ya Sanlu iliyoyauza maziwa hayo, alihukumiwa kifungo cha maisha. Someni vizuri namna adhabu zilivyopangwa. Mkubwa hakuachwa, hilo ni kweli, lakini waliopoteza uhai ni waliotia mkono.

Nasikia mnaambizana vijiweni kwamba tangu TFDA ifutwe chakula hakina mwenyewe. Hizo ni habari nusu. Shirika la Viwango, TBS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Mwaka 1978 ikaja sheria ya kudhibiti ubora wa chakula, na sisi mabwana afya tukatembea nayo mkobani. Mwaka 2003 ikaanzishwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ndiyo hiyo TFDA. Ilipofika Julai 2019 chakula na vipodozi vikahamishiwa TBS, na ile mamlaka ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikaitwa TMDA. Kilichobadilika ni ofisi unayopeleka maombi. TBS wana ofisi ya kanda hapa Mbeya, Mkemia Mkuu wa Serikali naye ana ofisi ya kanda hapa hapa, na afisa afya wa halmashauri bado anaingia dukani kwako. Tume ya Ushindani nayo ina kazi yake, kuwasaka wanaobandika jina la mtu mwingine kwenye mali yao. Huo ni mkono mwingine tena, wenye sheria yake ya alama za bidhaa tangu mwaka 1963. Kopo moja lenye lebo ya uongo linaweza kukufungulia milango ya ofisi zaidi ya moja, na hakuna hata moja utakayoipenda.

Nisiwafiche, serikali nayo ina lake. Ukaguzi unapamba moto karibu na sikukuu, kisha unapoa. Bidhaa zinateketezwa dampo mbele ya kamera, lakini jina la aliyeziingiza nchini halisomwi kwa sauti ileile. Wapo pia wakaguzi wanaoomba "ya soda" na kuuacha mzigo ulipo. Lakini kijana anayejiegemeza kwenye soda hiyo ajue kwamba mkaguzi huhamishwa, na anayekuja baada yake hadaiwi fadhila na mtu.

Sasa mzigo wenyewe unatoka wapi? Tazameni ramani. Barabara kuu ya kutoka Dar inapita Iringa, Makambako, Uyole, mpaka Tunduma, ambako ndiko lango la Zambia na la kusini yote. Tunduma siku hizi iko mkoa wa Songwe, lakini biashara yake bado inapumulia Mbeya. Upande wa Kyela kuna Kasumulu, mpaka wa Malawi. Mzigo uliolipiwa na kukaguliwa unapita getini. Mwingine unapita njia za panya kwa baiskeli na pikipiki, kopo moja moja, na ukishafika soko la Mwanjelwa hautofautiani kwa macho na ule wa halali. Bei ndiyo inayousema. Kopo la nyama linalouzwa nusu ya bei ya duka la jirani lina hadithi ambayo muuzaji hataki kuisimulia.

Na kuna sababu nyingine ya kuogopa kopo lisilo na karatasi. Julai 2021 kampuni ya Tiger Brands ya Afrika Kusini ilitangaza kuyarudisha makopo yapatayo milioni 20 ya mboga na maharage ya chapa za KOO na Hugo's, yaliyotengenezwa kati ya Mei 2019 na Mei 2021, kwa sababu maungio ya ubavuni ya baadhi ya makopo yangeweza kuvuja. Hawakusubiri mtu afe. Walitaja tarehe za kutengenezwa, wakawaambia watu wayarudishe dukani. Sasa fikirini: kama ungekuwa umeipaka thina tarehe ya kopo hilo, mnunuzi wa Mafinga au Tukuyu angejuaje kwamba ni lake linaloitwa? Ile namba ndogo ya toleo na ile tarehe, ambazo wengi huziona kama uchafu wa kiwandani, ndizo njia pekee ya kumfikia mlaji baada ya kosa kugunduliwa. Anayezifuta anakuwa amemkata mtu huyo asipatikane tena.

Wapo watakaosema chakula cha kopo hakiozi, hata wanajeshi hula cha miaka. Ni kweli kwamba tarehe nyingi huhesabiwa kwa kulinda ladha na ubora, na kopo zima halibadiliki kuwa sumu usiku wa manane siku inapofika. Lakini wewe mwenye kitambaa hujui kopo hilo lilikaa wapi. Hujui kama lilipigwa jua kwenye bati la kontena miezi mingapi, kama lilidondoka, kama kutu imekula mshono kwa ndani. Aliyeweka tarehe alijua alichopika. Wewe unabandika mwaka mpya kwa kubahatisha, halafu unampa mama wa mtoto abebe bahati yako.

Kopo likivimba, msilitoboe kuona kuna nini. Kuna kijidudu kinaitwa Clostridium botulinum. Mbegu zake ziko kwenye udongo wa kila shamba, na hupenda mahali pasipo na hewa wala uchachu, yaani ndani ya kopo la maharage, nyama au samaki lisilopikwa sawasawa. Sumu yake hupiga mishipa ya fahamu: macho yanaona vitu viwili viwili, ulimi unakuwa mzito, kisha pumzi inakatika. Na si kila kopo lenye sumu hiyo huvimba au kunuka. Maji yanayochemka hayaziui mbegu hizo. Viwanda hupika makopo ya namna hiyo kwa mvuke wenye shinikizo, kwenye joto la nyuzi 121.

Hapa ndipo ninapowageukia ninyi mnaotengeneza vyakula wenyewe, maana wengi wenu hamfuti tarehe za mtu. Mmefungua viwanda vidogo, na ninawapongeza. Nimeonja jemu za Rungwe, achari za Iringa na sosi za pilipili zinazonikumbusha ujana. Lakini kuna jambo ambalo semina za Dar hazina sababu ya kulisema. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji hayachemki kwa nyuzi 100; yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Iringa hayapishani sana na hapo. Ukipanda kuelekea Kitulo yanachemka kwa joto la chini zaidi. Mapishi yaliyoandikwa Kariakoo, "chemsha chupa dakika kumi", huku juu hayatoshi. Inabidi muda uongezwe, na kwa maharage, mahindi mabichi na nyama sufuria ya kawaida haifai kabisa, hata ukiichochea kuni kutwa nzima.

Kinachowaokoa wengi wenu ni uchachu. Tunda chachu, nyanya iliyoongezwa ndimu au siki, na jemu yenye sukari ya kutosha hazimpi kijidudu yule nafasi. Mpaka wenyewe unapimwa kwa kipimo cha pH: chini ya 4.6 mko salama upande huo, juu yake mko kwenye nchi ya nyuzi 121. Nyanya yenyewe iko karibu kabisa na mpaka.

Shikeni hilo, kisha twende Ilula. Mnaujua msimu wa neema: matenga ya nyanya yamepangwa kandokando ya barabara kuu, bei imeanguka, nyingine zinaoza palepale. Msimu mwingine nyanya hakuna, na bei ya tenga inamkimbiza mtengeneza sosi. Iringa ina kampuni kama Dabaga, ambazo jina la mkoa huu kwenye rafu za sosi limesimama juu ya jasho lao. Mdogo asiye na mtaji wa kununua nyanya za kutosha neema ikiwapo anajaribiwa. Anachemsha boga au papai, anatia wanga wa kuongeza uzito, rangi nyekundu, sukari ya kemikali, kisha anabandika lebo yenye picha ya nyanya mbivu. Mwenye kibanda cha chipsi ananunua dumu zima na kulishukuru kwa bei yake.

Watu hudhani kosa hapo ni kumpunja mnunuzi. Hilo lipo, lakini la pili ni baya zaidi. Boga na papai hazina uchachu wa nyanya. Ukiziweka nyingi mahali pa nyanya bila kuongeza siki na bila kupima, umeuvuka ule mpaka wa 4.6, na hata dawa ya kuzuia kuoza unayotia, sodiamu benzoeti, haifanyi kazi vizuri pasipo uchachu. Umeandika "nyanya", anayenunua anaitunza kama nyanya, na ndani kuna kitu chenye tabia nyingine. Lebo hiyo haikumdanganya mtu juu ya bei peke yake.

Na sijasema boga ni haramu. Sosi ya boga na pilipili, ikiandikwa hivyo na kupimwa, ni bidhaa halali kabisa. Mimi mwenyewe ningeinunua. Andika viungo kwa kufuata uzito, kilicho kingi kitangulie. Andika jina lako na mahali unapopatikana, uzito halisi, namba ya toleo, tarehe ya kutengeneza na ya mwisho wa matumizi. Boga likiwa la kwanza kwenye orodha, litakaa la kwanza. Ukiona aibu kuliandika, basi uliona aibu hata kabla ya kulichemsha.

Wakubwa wa dunia nao hufanya hayo kwa viwango vyao. Mwaka 2017 mwandishi wa Kifaransa, Jean-Baptiste Malet, alitoa kitabu kuhusu biashara ya nyanya ya kopo. Alionyesha jinsi rojo linalotoka China kwenda masoko ya Afrika Magharibi linavyoongezwa wanga, nyuzi za soya na rangi, huku kopo likitaja nyanya na chumvi tu. Wakulima wa huko, wenye nyanya halisi shambani, wakashindwa bei na vumbi la soya. Kijana wa Ilula anayetengeneza sosi ya uongo anamfanyia jirani yake jambo lilelile, tena bila meli.

Mchele nao nisiuache. Kila soko la nchi hii lina gunia lililoandikwa Kyela, hata pale ambapo mchele umetoka bonde la Usangu kule Mbarali, au umechanganywa stoo na wa mwaka juzi. Mchele wa Mbarali ni mzuri na una wapenzi wake. Kuuvisha jina la Kyela ni kuwatukana wote wawili. Mkulima wa Kyela anauza harufu ya ardhi yake. Siku mnunuzi wa Dar atakapozoea kwamba "Kyela" haina harufu yoyote, nani atamlipa mkulima huyo tofauti ya bei?

Kuna uongo wa lebo ambao hauui wala haunuki, na pengine ndio unaoniudhi kuliko wote. Wazee wa rika langu wanakumbuka shingo za watu wa nyanda hizi zilivyokuwa, rovu kubwa kwa mama na kwa binti, kwa sababu udongo wetu una upungufu wa madini joto. Chumvi yenye madini joto ndiyo iliyopunguza balaa hilo. Sasa mtu anachukua chumvi ya mawe ya ng'ombe, anaisaga, anaipaki kwenye mfuko ulioandikwa kwamba ina madini joto. Hakuna atakayeumwa tumbo. Hakuna atakayelalamika. Mama mjamzito ataila kwa uaminifu, na mtoto atakayezaliwa ataanza shule akiwa nyuma ya wenzake, na hakuna mkaguzi atakayeweza kuurudisha mfuko huo nyuma miaka saba.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa simu zenu haziishi kulia. Mwaka 2016 hapa kwa jirani zetu Zambia zilisambaa picha na maneno kwamba nyama ya watu inawekwa kwenye makopo kutoka China. Mpaka balozi wa China kule Lusaka, Yang Youming, ikambidi asimame kukanusha. Picha zenyewe zilitokana na tangazo la mchezo wa video lililofanyika London miaka kadhaa nyuma. Ukishuku kopo, lipeleke lilivyo, pamoja na risiti, kwa afisa afya au TBS. Usilipige picha na kulipa umaarufu wa bure WhatsApp, maana ukikosea umeua duka la mtu asiye na hatia, na sheria ya mitandao nayo ina meno.

Kwenu mnaouza dukani, tazameni vitu hivi mnapopokea mzigo. Tarehe ya kopo ilingane na ya katoni. Stika iliyobandikwa juu ya maandishi ibanduliwe mbele ya aliyeleta. Kitako cha kopo kiking'aa mahali pamoja tu, kimepanguswa. Nembo ya TBS iwepo, lakini msiishie kwenye nembo, maana nayo huigwa. Ulizeni leseni yake ofisi ya kanda. Kisha dai risiti na uiweke. Siku mzigo ukileta shida, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba kuna mtu nyuma yako.

Kwa wazalishaji, nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo. Shirika hilo lipo tangu 1973, lina ofisi Mbeya na Iringa, na barua yake ya utambulisho ndiyo inayomfungulia mjasiriamali mdogo mlango wa TBS kwa unafuu wa gharama. Msisubiri Nanenane mkapige picha na banda lao pale viwanja vya John Mwakangale, kisha mrudi nyumbani kuchemsha kama mlivyozoea.

Bado kuna swali ambalo kijana mwenye duka aliniuliza, na lilikuwa swali la haki: mzigo umeisha muda ukiwa mkononi mwangu, mtaji ni wa kukopa, nifanye nini? Utoe rafuni siku hiyohiyo, uutenge na uuandike "hauuzwi", kwa sababu mkaguzi akiukuta kwenye rafu hatauliza nia yako. Muulize aliyekuuzia kama anarudishiwa. Wapo wanaokubali ukiwahi. Ukishindwa, mwandikie afisa afya wa halmashauri ukiomba uteketezwe kwa usimamizi, ukiorodhesha idadi, namba za toleo na thamani. Utagharimia usafiri wa kwenda dampo, na utapewa hati. Itunze hati hiyo pamoja na hesabu zako, kwani utaihitaji siku TRA watakapokuuliza ile bidhaa uliyoinunua ilikwenda wapi. Hasara utaipata. Na yule bwana wa thina akisikia una katoni zilizopitwa na wakati atakupigia simu kabla halmashauri haijajibu barua yako, akuambie ana vijana wa kazi hiyo, usiku mmoja tu. Mwambie mzigo umeshaandikwa namba.